Jina la Nyambura Kinywani mwa Gerishon

Alhamisi, 3 Julai

Kompyuta imekwama tena. Kona ileile ya vumbi, kabla ya daraja. Picha inaganda, nasikia gari langu likigonga mti, picha inarudi nami niko mtaroni. Gerishon amepita. Amepiga honi.

Ligi yetu ni ya wastaafu. Tunashindana mbio za magari kwenye kompyuta, kila mtu kwake: Karatina, Wang'uru, Gakindu, mimi na Gerishon hapa Wamagana. Wenzangu huongea kwa maikrofoni. Mimi yangu huizima. Jina langu kwenye kioo ni Nyambura. Wanadhani ni mwanamke mwenye haya.

Leo Gerishon alisema, "Huyu mama arudi jikoni, chai inamwagika." Wakacheka wote. Yule wa Wang'uru alicheka hadi akakohoa.

Hata hivyo pointi zimetosha. Fainali ni mimi na yeye.

Ijumaa, 4 Julai

Baridi. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi.

Daktari alisema moyo umechoka. Hakutaja muda. Sikumwuliza. Nilifundisha fizikia maisha yangu yote, najua pampu inayochoka inaishia wapi.

Basi niandike ukweli, maana sina sababu ya kuuficha tena. Namchukia Gerishon. Si hasira ya kupita. Ni chuki, naamka nayo na kulala nayo.

Nyambura alikuwa mke wangu. Miguu yake ilikataa kutembea, akashindwa kufika kanisani kwa Meza ya Bwana, mkate na divai. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu ni Gerishon. Ilikuwa kazi yake kuileta Meza nyumbani kwa wagonjwa. Hakuja. Nyambura alivaa kitambaa cheupe kila Jumapili ya Meza, akamngoja kitandani. Alipofariki, Gerishon akasema mbele ya familia kwamba marehemu alikuwa ameacha ushirika. Kadi yake ya ushirika haikuwa na alama za kushiriki Meza. Kwa hiyo hakuna ibada. Jina lake halikusomwa kwenye matangazo. Tulimzika kwa nyimbo zetu wenyewe, mvua ikinyesha, na Gerishon akapita barabarani na mwavuli wake.

Ligi ina desturi moja. Anayeshindwa fainali humtaja mshindi kwa jina kamili, kwa sauti, wote wakisikiliza. Kwao ni utani.

Nataka alitamke jina la Nyambura. Nataka nisikie kwa masikio yangu kabla sijafa. Sitaki kitu kingine.

Jumatatu, 7 Julai

Nilikwenda mjini Nyeri kwa fundi Muriithi. Ngazi za kibanda chake karibu zinimalize.

Njia ya fainali ni ndefu: msitu, mvua, matope, vumbi. Kompyuta yangu haiwezi. Niliinunua ilipotupwa na ofisi fulani, na hata wakati huo ilikuwa imezeeka. Nilimweleza Muriithi ninachotaka na kwamba sina pesa.

Akafungua kifuniko, akapuliza vumbi, akacheka. "Mwalimu, hii mashine ilizaliwa kuandika barua. Wewe unataka ikimbie rali."

"Inaweza?"

"Inaweza, lakini itabidi tuibembeleze. Ati unatengenezea mjukuu?"

"Natengenezea mke wangu."

"Ai! Mama anacheza rali?"

"Anashinda," nikasema.

Ameongeza kumbukumbu, RAM, iliyotoka kwenye mashine iliyokufa. Ameweka diski mpya, ile isiyozunguka, ndogo kabisa, ya bei ya chini. Mashine sasa inaamka upesi kama kijana. Lakini picha bado zinaganda. Inahitaji kadi ya picha, kile kifaa cha ndani cha kuchora picha upesi. Anayo moja ya mkono wa pili. Nimeiona. Ina feni mbili, na moja inalia kidogo.

Sikuwa na pesa ya kadi.

Jumatano, 9 Julai

Nimeinunua kwa pesa za dawa.

Naandika hivyo bila kupamba. Binti yangu Wanjiku, anayeniuguza, alinipa pesa nikachukue vidonge vya moyo na vya kutoa maji mwilini. Nilipita nje ya duka la dawa. Nilimwona muuzaji. Nikaendelea hadi kwa Muriithi.

Vidonge vya zamani bado vipo vichache. Nitavimega.

Ijumaa, 11 Julai

Mjinga mkubwa mimi.

Pawa saplai ya mashine hii, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, ni ndogo. Kadi inataka umeme zaidi. Nilijua. Hesabu yake ningempa mwanafunzi wa kidato cha pili. Muriithi akasema, "Tutaunganisha tu na waya hii, Mwalimu, wengi wanafanya hivyo." Nami nilitaka kuamini, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kulipiza.

Leo niliwasha mchezo. Mlio mmoja mkali, kisha harufu. Moshi mweupe kutoka nyuma. Nilivuta waya ukutani nikaanguka na kiti.

Wanjiku alikuja mbio. "Baba, unataka kutuchoma?"

Nikamwambia ni vumbi tu. Uongo mwingine.

Jumatatu, 14 Julai

Kadi ilipona. Kisanduku cha umeme ndicho kilichokufa. Muriithi aliona aibu, akanipa kikubwa zaidi kwa kubadilishana na redio yangu. Hakiingii ndani ya mashine. Kimekaa juu ya kigoda cha kukamulia maziwa, nyaya zimeingia ubavuni. Mashine imebaki wazi kama mgonjwa kwenye meza ya upasuaji.

Nikawasha.

Sijui niandike vipi. Msitu ulikuwa na majani. Jani mojamoja. Matone ya mvua yalitiririka kwenye kioo cha gari. Kwenye kona ya vumbi hakukuganda kitu. Nilipita darajani, nikapiga kelele kama mtoto.

Tatizo ni joto. Baada ya muda picha zinaanza kusitasita. Feni ile mbovu haitoshi. Dawa ni kufungua dirisha. Baridi ya Julai inaingia bure, mashine inapoa. Nami navaa koti na blanketi, nakohoa, naendesha.

Jumatano, 16 Julai

Miguu imevimba. Soksi inaacha alama nzito.

Shida mpya. Jioni Wanjiku huwasha mashine ya kukatia nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe. Ikianza, umeme wa nyumba nzima unalegea, taa zinafifia, kompyuta inazimika. Fainali ni saa hizohizo za jioni. Nimemwomba Jumamosi akate mapema. Amesema sawa. Akaniangalia miguu, kisha akaangalia dirisha lililo wazi.

Jumamosi, 19 Julai

Nitaandika taratibu.

Mchana wote ng'ombe mmoja alikuwa akizaa, kwa hiyo nepia haikukatwa. Kisha Wanjiku alitafuta kadi yangu ya kliniki, akakuta kikopo cha vidonge kitupu. Aliingia chumbani nikiwa nimeshika usukani wa mchezo, dakika chache kabla ya kuanza.

"Baba, dawa iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Kadi ya picha, feni zikizunguka.

Hakuelewa. Nikamwambia. Kuhusu kadi, ligi, jina lililoandikwa kwenye kioo, na nani atalazimika kulitamka. Hakuwa akijua. Aliliangalia jina la mama yake kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Wewe mzee ni mbaya," akatoka akibamiza mlango.

Nikajua ataenda kuwasha mashine ya nepia. Ningekuwa yeye ningewasha.

Mbio zikaanza. Gerishon akatangulia. Anaendesha vizuri, sitamnyima hilo. Kompyuta yake mtoto wake aliinunua ng'ambo. "Mama, jikoni ni upande ule!" akasema, na wazee wakachekelea. Nilimfuata karibu karibu msituni. Kila dakika nilitazama balbu. Haikufifia. Nikasikia sauti kutoka zizini, tap, tap, tap. Panga juu ya gogo. Wanjiku alikuwa akikata nepia kwa mkono.

Kwenye matope Gerishon aliteleza kidogo tu. Nilipita ndani ya kona. Kifua kilinibana hadi nikaona giza pembeni, lakini barabara niliiona. Nilivuka mstari mbele yake.

Kelele. Yule wa Wang'uru akapiga mluzi. "Mzee wa kanisa amepigwa na mama! Taja jina! Taja jina kamili!"

"Mama, andika jina lako nikuheshimu," Gerishon akasema, bado akicheka.

Nikaandika: Nyambura wa Kariuki, Wamagana.

Kicheko kikaisha upande wake tu. Wengine walidhani anaringa. "Soma, Mzee! Ama umesahau kusoma?" "Usituwekee ngumu, ni sheria!"

Nilisikia pumzi yake kwenye maikrofoni. Nilitaka limkwame. Nilitaka limnyonge. Nikaacha wamchape kwa maneno.

Akasema, "Nyambura wa Kariuki." Chini sana.

"Hatujasikia!" wakapaza.

"Nyambura wa Kariuki. Wa Wamagana." Sasa kwa sauti yake ya matangazo, ileile anayotumia kanisani.

Ndipo nikafungua maikrofoni yangu kwa mara ya kwanza. Nikasema, "Ni mimi, mume wake. Sasa umelisoma." Nikazima kila kitu.

Wanjiku alikuwa mlangoni, mikono imejaa utomvu wa majani. Sijui alisimama hapo tangu lini.

Jumapili, 20 Julai

Niliamka na furaha. Safi, chafu, sijui. Furaha.

Sijuti. Nimejipekua mchana kutwa nione kama kuna majuto. Kuhusu dawa, yapo, kwa ajili ya Wanjiku. Kuhusu Gerishon, hakuna.

Wanjiku amekwenda kununua vidonge yeye mwenyewe. Hanipi pesa tena. Ni haki yake.

Alhamisi, 24 Julai

Siinuki kitandani. Maji yamefika mapajani. Vidonge vinafanya kazi kidogo, kama wafanyakazi walioitwa kwa kuchelewa.

Gerishon amekuja. Peke yake, na mkoba mweusi wa Meza ya Bwana. Wanjiku akaingia kuniambia. Yuko langoni, hajapiga hodi. Amesimama tu.

"Nimfungulie?"

Nilifikiri. Nilitafuta ndani yangu mtu wa kumfungulia, sikumpata. Lakini nje kuna ukungu, na yeye pia ni mzee.

Nikamwambia Wanjiku ampelekee kiti na chai ya moto. Hukohuko langoni.

Amemaliza kikombe. Bado ameketi. Kutoka hapa namwona kichwa tu, juu ya ua. Ng'ombe anamwita ndama wake. Wanjiku amefunga dirisha.