Sabuni Haina Kosa

Kikula, 18 Septemba 2023

Kwa Fidèle,

Jambo kwako na kwa bibi yako Princesse. Sisi huku Kikula ya Likasi tuko wazima, ila goti langu linalia nikikoroga. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikata maneno.

Kwenye matanga ya baba ulinawa mikono na sabuni yangu, ukamwambia dada yako mukubwa mbele ya watu sitini na wawili: "Yaya, hii ni sabuni ao ni mufupa?" Wakacheka. Mwaka na miezi mine sasa, Kikula yote inaita sabuni yangu Mufupa. Kazi hii nilijifunza bila prof, kwa kuungua vidole.

Sasa bamama wa parokia wanatafuta sabuni ya maternité yao, ile nyumba ya kuzalia. Jumamosi tarehe 14 Oktoba watanijaribu mbele ya watu. Isipotoa povu, watachukua ya Lubumbashi, na minye nitafunga kazi.

Napima hivi: mafuta ya mawese kilo 5, soude ya kuunguza gramu 670, maji lita moja na nusu. Weye unafundisha chimie. Niambie kosa liko wapi.

Yaya wako,
Hélène

Kapolowe, 23 Septemba 2023

Yaya Hélène,

Pole na goti. Watoto wanakusalimu. Cédrick wa taksi alinipa barua yako mkononi.

Hesabu zako nimezirudia mara mbili: ni sawa. Kosa ni la maji. Maji ni mugeni asiyejua kukataa: akipita kwenye chumvi anaibeba. Yakishuka ardhini na hewa ile tunayoitoa puani, yanakula hata jiwe la chokaa. Na kisima chenu kimechimbwa kwenye jiwe hilo. Sabuni ikikutana na chokaa inashikana nayo. Ule utando mweupe ndani ya beseni ni sabuni yako, imekufa mbele ya kufanya kazi.

Chemsha maji ya kunawa dakika kumi. Hewa inatoka, chokaa inaanguka chini, kama lile ganda la ndani ya bilika. Acha yatulie, chota ya juu tu. Na kumbuka: soude tia ndani ya maji, usimwage maji juu yake.

Mudogo wako,
Fidèle

Kikula, 2 Oktoba 2023

Fidèle,

Habari ya huko? Sisi tunapumua.

Ile ya soude nilijua wakati weye bado unakojoa kitandani. Nilichemsha lita 40, makala gunia nusu. Nikachota 32 za juu, nikazilaza ndani ya pipa. Asubuhi nikanawa: utando uleule. Basi vitabu vyako navyo ni mifupa.

Tena, uliandika karatasi nzima, juu ya matanga hakuna neno hata moja. Niligeuza na nyuma nikatazama.

Zimebaki siku kumi na mbili.

Hélène

Kapolowe, 5 Oktoba 2023

Yaya,

Natumaini hasira haijakupandisha damu. Hilo pipa, mbele ya kutia maji, lilikuwa na nini ndani?

Juu ya matanga: juma lile nilikuwa nafundisha darasa habari ya maji na chokaa, na bado nikalaumu sabuni. Machozi yalikuwa karibu, nikatafuta watu wacheke. Nikakutumia weye. Unisamehe.

Mudogo wako

Kikula, 8 Oktoba 2023

Mudogo,

Amani kwako. Pipa lilikuwa na chokaa. Ndani yake nilizima kwa maji ile ya kupaka ukuta. Unajua inavyochemsha maji bila moto. Nilisuuza mara tatu, nikaona inatosha. Kumbe nilitoa chokaa kwa gunia nusu la makala, halafu nikayarudisha maji kulala nayo. Nilikaa chini nikacheka mpaka bwana yangu Dodo akaja kutazama kama ni ugonjwa.

Leo nimechemsha mengine, nimeyatia ndani ya bidoni mpya. Povu limefika kwenye kiwiko.

Msamaha nimeuona. Ila watu wa matanga hawasomi barua zangu. Jumamosi, saa nne, uwanja wa parokia.

Yaya wako

Kikula, 16 Oktoba 2023

Fidèle, mudogo wangu,

Ulifika muzuri? Princesse amekugombeza kwa kurudi umelowa?

Toka Jumamosi sijafunga mdomo. Uliponawa na maji ya kisima, wakasema "Mufupa," nikaanza kukusanya sabuni zangu. Uliponawa na yaliyochemshwa, povu likafunika mikono, bamama wakasogea kutazama. Halafu ukasema: "Sabuni haina kosa. Mwenye kosa ni prof, alimusingizia yaya yake mbele ya maiti ya baba." Tantine Laure, shangazi yetu, akajibu: "Basi huyu naye tumuchemshe dakika kumi," akakumwagia beseni zima la povu.

Sage-femme, yule mukunga wao, amesema maternité wanachemsha maji kila siku. Kwa hiyo wamekubali: vipande mia mbili kila mwezi. Asubuhi hii muteja mmoja ameniuliza, "Mama Hélène, iko ile sabuni ya prof?" Nimemwambia hapana, iko ya yaya ya prof.

Shati yako uliyoacha nimeifua, imekauka, nimeipiga pasi. Nisimuone Cédrick hapa kuichukua. Kuja mwenyewe, Jumapili, na Princesse na watoto, mukule.

Yaya wako,
Hélène