Stima Ilipopotea Wakati wa Maombi

Jumanne

Habari ya tangu jana, daftari langu, rafiki yangu? Mimi mzima, Mungu ni mwema.

Seva za chuo, zile kompyuta kubwa za kuhifadhi kazi zote, zimehama. Vijana wa kompyuta wamepeleka kila kitu kwa kampuni ya mbali, wanaita kwenye wingu. Mashine zetu zimezimwa.

Mimi nilijua. Lakini leo stima ikapotea tukiwa kwa maombi ya mchana, na miguu ikakimbia yenyewe kuwasha jenereta ya chumba cha seva, kama miaka yote ya kazi yangu. Mchungaji alishazoea.

Otieno wa kompyuta alikuwa mlangoni pa chumba hicho akitafuna njugu.

"Mzee, pole pole! Hapa hakuna mgonjwa tena."

"Na huko wingu stima ikipotea?"

"Wako na jenereta zao. Na watu wao."

Watu wao. Chumba kilikuwa kimya kabisa, hata feni.

Nikarudi kwa maombi. Kumbe ukikaa mpaka mwisho huwa mazuri hivyo.

Mkuu wa chuo hajasema kama bado ananihitaji. Mke wangu, Mama Akinyi, ameniuliza mbona sili, nikasema nimeshiba.

Bwana Mungu, kazi nyingine ikiwa hapa Migori au hata kwetu Kosele, nitaenda. Naomba tu unijibu mapema, kabla sijamwambia Mama Akinyi.