Evod na Maneno ya Kiumbe wa Angani

Theodosia, siamini!

Leo kaka Evod kaiangalia tena ile filamu ya kuchekesha ya viumbe wa angani, aliyoiona kwenye banda la video Lumemo mwaka 1996. Kaanza kwa kebehi: "Takataka hii, nitalala."

Kumbe kacheka mpaka machozi!

Ikafika pale kiumbe anapomshika yule dada mkono. Enzi zile Kelestini, mfasiri wa banda, alitafsiri: "Bila wewe, nyota zote ni giza." Evod akayabeba maneno hayo, akamtongoza nayo wifi Agnetha, wakaoana.

Leo kuna maandishi ya tafsiri ya Kiswahili chini ya skrini. Kiumbe anauliza choo kiko wapi. CHOO, Theodosia!

Evod kasimamisha filamu. Wifi, aliyekaa pembeni yake, kamwambia, "Kelestini alinitongoza kwa maneno hayohayo kabla yako. Ila wewe ulitetemeka, ndiyo maana nikakuamini."