Nimezima

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo huko, na wanao hawajambo? Magoti ya Mama yanaendeleaje, na Baba bado anabishana na redio? Wasalimie wote, ila barua hii usiisome mbele yao. Isome kwanza peke yako, ukiwa umekaa. Mimi mwilini ni mzima, nakula nikikumbuka, usingizi ndio umenikimbia.

Najua utashangaa, barua ya nini na simu tunazo. Simu nimejaribu, Dada. Wiki hii nimekupigia mara nne, na kila ukipokea nauliza habari za watoto, nauliza kama mvua imenyesha, naaga. Jumapili wewe mwenyewe uliniuliza kama nina jambo, nikasema sina. Ninalo, na maji yamenifika shingoni.

Nianze na habari za huku. Dobi letu bado ni majivu na mabati yaliyojikunja. Tajiri ametoa meza mbili uani kwake, ametuita watu watatu tuendelee na kazi ndogondogo, na mimi ni mmojawapo. Siku hizi ananipenda ajabu, chai ananimiminia mwenyewe. Mama Vifungo bado yuko hospitali. Unamkumbuka, yule mama mshonaji wa vifungo, ndiye aliyeomba funguo kwa mlinzi arudi kuchukua miwani yake, akakuta moshi ndani, akadhani atawahi. Mikono yote miwili imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko. Nilikwenda kumwona akanitania kwamba amevisha watu vifungo maisha yake yote, sasa ni zamu yake kufungwa. Nikacheka naye, kisha nikatoka nikaenda kulia chooni. Madaktari hawajasema kama vidole vitashika sindano tena.

Wewe hukuwahi kufanya kazi pale, kwa hiyo acha nikueleze desturi yetu ya kufunga. Mumeo ndiye aliyeianzisha alipopewa usimamizi. Jioni kila mpiga pasi anachomoa plagi yake, anasogea mbali na meza, anaita kwa sauti, “Nimezima!” Naye Shemeji, akiwa mlangoni na funguo, anajibu, “Nimesikia!” Mwanzoni alikuwa akishajibu anapita meza kwa meza, anaigusa kila pasi kwa mkono. Ndiyo maana tukambandika jina la Nimesikia, hata wateja wakawa wanamwita hivyo, naye anaitika bila kinyongo. Miaka sita, Dada, jioni baada ya jioni. Ikafika mahali mdomo unaita wenyewe, na yule wa mlangoni anajibu bila kugeuza shingo. Kugusa pasi kulikufa lini, hakuna kati yetu anayejua.

Moto ulipotokea ile Alhamisi, wapelelezi walisema umeanzia upande wa pasi. Pasi zilikuwa tatu: yangu, ya mwenzangu aliyekuwa nyumbani amejifungua, na ile ya akiba ambayo Shemeji huitumia kurekebisha kola. Zote ziliungua pamoja, hakuna aliyeweza kusema ipi ilikuwa inawaka. Basi wakatuuliza sisi. Shemeji alisema hakumbuki kama aliigusa ile ya akiba siku hiyo. Alisema hivyohivyo, hakumbuki. Mimi nilisema nakumbuka. Nikaeleza nilivyoishika plagi, ilivyokuwa ya moto, nilivyopuliza vidole. Askari akaandika, nikatia sahihi. Anayekumbuka na asiyekumbuka, wewe ungemwamini nani? Jioni ileile wakamchukua mumeo.

Ukaja kwangu unalia, ukaniuliza kama kweli Shemeji wangu anaweza kuwa mzembe kiasi hicho. Nami nikakwambia siku hizi alikuwa hatulii, kichwa chake hakiko kazini. Nikakwambia uwachukue watoto uende kwa wazazi, watu waache kuwanyooshea vidole. Nilikusaidia hata kufunga mabegi. Hayo unayajua, lakini nayaandika ili ujue kwamba na mimi nayajua.

Baada ya kuondoka kwenu nikaanza kuwa mtu wa ajabu. Nafunga mlango, nafika barabarani, narudi kutazama kama nimefunga. Nafika tena barabarani, narudi tena. Siku moja nilirudi mara tano, jirani akaniuliza kama nimeajiriwa kuulinda ule mlango. Nilitia chumvi kwenye chai. Nikaogopa kwamba nashikwa na ule ugonjwa wa Bibi, aliyekuwa akituita kwa majina ya marehemu. Nikaenda zahanati.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniuliza asubuhi ile nilifunga mlango kwa mkono upi, sikujua. Akaniuliza juzi nilikula nini mchana, nikataja wali, kisha nikasema labda ugali. Kisha akaniuliza siku ya kwanza kabisa kazini nilivaa nini, nikamtajia mpaka rangi ya kitambaa cha kichwani. Akasema sina ugonjwa wa Bibi. Jambo la kila siku, akasema, mikono hulifanya yenyewe huku akili iko kwingine, na kitu ambacho akili haikukipokea haiwezi kukitoa kesho yake. Tena siku zinazofanana hulaliana kama shuka kabatini, ukivuta moja hujui umevuta ya lini. Kukosa usingizi na wasiwasi huzidisha. Ila neno nililoondoka nalo ni hili: mtu akibanwa aseme, akili yake haipendi kubaki na pengo. Itachukua cha juzi ikitie mahali pa cha jana, na mwenyewe ataapa bila kujua kwamba amekosea. Nikamuuliza, sasa mtu atajuaje kumbukumbu yake ni ya siku gani? Akasema nitafute siku hiyo kulikuwa na kitu gani ambacho si cha kila siku, nianzie hapo.

Nilitoka pale nikatembea kama mgonjwa kweli. Nikakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, nikaanza kuitafuta ile Alhamisi. Dada, kitu ambacho hakikuwa cha kila siku ulikuwa ni wewe. Ulinipigia simu kazini, na wewe hunipigii saa za kazi. Mwanao wa kike alikuwa ameng'oka jino la kwanza, analazimisha kumwambia mama mdogo kwa mdomo wake. Nikafungua simu yangu nikatazama: saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, tumeongea dakika kumi na tisa. Moto ulionekana saa kumi na mbili na nusu.

Simu yangu unaijua, ile iliyopasuka, husikii kitu mpaka uibane sikioni kwa kiganja. Mkono wa pili nilikuwa na mkoba. Na soketi ya meza yangu imelegea ukutani, kila mtu pale anajua, hakichomoki kitu mpaka mkono mmoja uishike soketi na mwingine uvute. Mikono miwili, Dada. Mimi sikuwa na hata mmoja. Nilikuwa mlangoni tayari, namsikiliza mwanao akinisimulia damu ilivyotoka, na kwa kuwa nilimwona Shemeji na funguo zake, mdomo wangu ukaita wenyewe. Mwanao akaniuliza, “Mama mdogo, umezima nini?” Nikamjibu nimezima jua, ndiyo maana usiku unaingia. Akacheka sana, na wewe ukacheka nyuma yake. Muulize. Watoto hawasahau vitu kama hivyo.

Ile plagi ya moto na vidole nilivyopuliza ni vya Jumatano, au Jumanne, au vya mwaka jana, sijui. Si vya Alhamisi ile. Pasi niliiacha inawaka. Mumeo hakuunguza dobi, wala hakumuunguza Mama Vifungo. Ni mimi.

Natamani ningeweza kuishia hapo, ukanitukana, mambo yakaisha. Lakini bado.

Hayo niliyajua Ijumaa iliyopita. Jumatatu nikaenda rumande kumpelekea Shemeji sabuni na nguo ya kubadili, nimekata shauri kumwambia. Amekonda, kola ya shati imemwacha. Nilipokaa tu, kabla sijafungua mdomo, akanishika mkono akaanza kulia. Akaniambia wiki tatu wamemwambia kumbuka, kumbuka vizuri, na sasa amekumbuka. Aliwasha ile pasi ya akiba kunyoosha kola ya shati jeupe la mteja. Anauona mvuke. Anakumbuka Tajiri akimwita nje, naye akaiacha pasi imesimama. Alinieleza yote kwa utaratibu, kama mimi nilivyowaeleza polisi, hata ile baridi ya mvuke ukikauka usoni. Kisha akasema maneno haya, siyaongezi wala siyapunguzi: “Shemeji, ni mimi. Mwambie dada yako alikuwa na haki ya kuondoka. Jumatatu ijayo nitakiri mbele ya hakimu, angalau Mama Vifungo ajue nani wa kumlaumu.”

Alikuwa amekumbuka kitu ambacho hakikutokea, Dada. Hapakuwa na shati lolote jeupe. Siku hiyo tulikuwa na shuka za hoteli tu, kutwa nzima, mimi ndiye niliyezinyoosha.

Nami nikanyamaza. Hilo ndilo nisiloweza kukuambia kwenye simu. Nilikuwa na ukweli mdomoni, na mbele yangu mtu aliyeniingiza kazini, aliyekuwa akinibakishia chakula kwenye sahani yake nilipokuwa sina pa kwenda, analia kwa kosa langu. Na kitu kilichonipata si huruma. Niliona nafuu. Nilihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Nikampigapiga mgongoni, nikamwambia Mungu atamsaidia. Nikarudi nyumbani nikala, Dada, nikala nikashiba, kwa mara ya kwanza tangu moto ule. Ukitaka kujua mdogo wako ni mtu wa namna gani, ndiye huyo.

Jumanne nikaazimia kwenda kituoni, nikafika mpaka getini. Jana nikaazimia tena, sikufika hata getini. Jela naiogopa, siwezi kukudanganya. Namwogopa Mama Vifungo atakapojua. Lakini kuna kitu nakiogopa kuliko hivyo vyote. Ile kumbukumbu yangu ya plagi haijaondoka. Nilidhani nikishaujua ukweli itafifia, kumbe kila siku inazidi kung'aa. Leo asubuhi nimesikia hata mlio wa plagi ikitoka ukutani, sauti ambayo sikuwa nayo wiki iliyopita. Tajiri kila akinimiminia chai ananikumbusha niseme vilevile nilivyosema polisi, neno kwa neno, nami kila nikirudia moyoni naona vidole vyangu vinapulizwa. Na ile simu ya mwanao imeanza kuteleza. Mchana nilijikuta nafikiri labda nilizima kwanza, ndipo ukapiga.

Ndiyo maana naandika, tena kwa kalamu, nikiwa bado najua. Njoo kabla ya Jumatatu, Dada. Njoo na simu yako, uwaonyeshe saa tulizoongea, na njoo na barua hii. Mwone mumeo kwanza, umwambie hapakuwa na shati jeupe. Kama nimeshakwenda kituoni mwenyewe, utanikuta huko. Kama sijakwenda, kesi inaanza saa tatu asubuhi, nami ni shahidi wa kwanza. Nikisimama pale nikasema nilizima, mpe hakimu karatasi hizi mbele yangu, usinitazame usoni. Utaniona sitetemeki, utaniona nasema kwa moyo mweupe, utatamani kuniamini mimi. Usiniamini. Siku hiyo nitakuwa sidanganyi, nitakuwa nakumbuka.

Wabusu watoto. Mama na Baba wape heshima zangu, ukitaka kuwaambia waambie, ukitaka nije niwaambie mwenyewe nitakuja kama nitaruhusiwa. Samahani siombi leo, kwanza njoo.

Ni mimi, mdogo wako,
uliyenibeba mgongoni.