Umeme wa Mjomba Yasini

Likunja, Ruangwa
18 Aprili 2024

Kwa mpwa wangu Samia,

Assalaam alaykum. Natumai Dar ipo pale pale na wewe umo ndani yake, mzima. Sisi huku tumefunga, tumefungua, Idi imepita. Mke wangu, mama Hadija, anakusalimu na anasema ule mkoba uliomletea umeshakatika mkanda. Mimi sijambo, isipokuwa masikio, ambayo tangu ile kwinini ya malaria ni pambo la kichwa tu. Ndiyo maana naandika. Ukinipigia simu utakuwa unaongea na mti.

Sasa sikia habari. Leo ni siku ya arobaini na tano sijavuta sigara. Mimi, Yasini, niliyekuwa nakutuma jikoni ukaniwashie sigara kwenye kijinga cha moto, ukirudi unakohoa! Kidonda cha pale walipokata kidole kimefunga. Juzi nilikwenda hospitali Nachingwea, daktari akaubonyeza mguu huku na huku akaniandikia kwamba damu inafika. Akarudia maneno yake yale yale: mishipa yangu na sigara haviwezi kukaa nyumba moja, nikirudia kuvuta, hata moja kwa siku, mguu utakatwa. Nikamwambia, "Ondoa shaka daktari, mimi nimetiwa umeme."

Maana ni umeme, Samia. Zile wiki tatu huko Dar kwenye utafiti wenu wa kuacha sigara, yule bwana Nicholaus aliponifunga mikanda kichwani na zile sponji za maji ya chumvi, nilihisi siafu wanatembea kwenye paji la uso. Nikajua hapa kazi inafanyika. Ile michezo ya picha kwenye kompyuta niliifanya kwa heshima yako tu. Hata hivyo karata ulizonichorea tunazicheza kila asubuhi. Mama Hadija anafunua. Likitokea embe nakipiga kigoda upesi, ikitokea sigara mkono unatulia. Siku za kwanza niliipiga kila sigara mpaka akawa anacheka machozi. Sasa sikosei.

Mwezi mtukufu nao ulisaidia mchana. Usiku nilikuwa natafuna muhogo mbichi mpaka taya zinauma.

Mjomba wako,
Yasini


Dar es Salaam
9 Mei 2024

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Barua yako imechelewa kwa sababu ya mvua na barabara kukatika, lakini imefika, na nimeisoma nimekaa kwenye ngazi za kazini nikalia. Usiniulize kwa nini. Mwambie mama Hadija mkoba mwingine unakuja. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mafuriko yameingia mpaka uani kwetu.

Naomba kitu kimoja: karata usiache. Daktari mkuu wa utafiti anasema umeme, hata kwa aliyeupata, kazi yake ni kulainisha udongo, na hayo mazoezi ndiyo jembe. Halafu usisahau ulichosoma kwenye ile karatasi kabla ya kutia sahihi. Nusu ya watu mashine iliwashwa kweli. Nusu iliwashwa kidogo tu, wahisi muwasho, kisha ikazimwa kimyakimya, ili ijulikane kama umeme unasaidia au hausaidii. Nani alipata nini, hilo limo kwenye bahasha zilizofungwa mpaka Julai. Nicholaus hajui na mimi sijui. Hata kukufunga mikanda sikuruhusiwa, kwa kuwa wewe ni ndugu yangu.

Kula vizuri. Mguu uoshe kila siku.

Mpwa wako,
Samia


Likunja, Ruangwa
30 Juni 2024

Mpwa wangu Samia,

Salamu nyingi, na marahaba ya shikamoo yako ya mwezi wa tano. Afya njema. Ufuta tumeshavuna, sasa ni kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, na nakwenda shambani kwa miguu yangu yote miwili, nimejifunga kitambaa mdomoni. Siku mia moja na kumi na nane!

Mtani wangu Saturnini amenipa jina. Nikifika barazani anasema kwa ishara, "Transfoma limefika, zimeni redio zisiungue." Watu wanavunjika mbavu. Nami naliitikia hilo jina, maana ni kweli. Watu wananisifu, eti Yasini una moyo. Nawaambia aka, moyo gani, mimi niliwahi kuficha sigara ndani ya msahafu wa marehemu baba, Mungu anisamehe. Huo ni umeme.

Hao nusu waliozimiwa mashine nawaonea huruma. Mimi siafu wangu niliwahisi mwenyewe. Lakini bahasha zikifunguliwa niandikie, niwasomee watu, hasa Saturnini. Neno lako nitaliamini kuliko la daktari yeyote. Baba yako alipoondoka nilikulea mimi, na nilikufundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Mjomba wako,
Yasini


Dar es Salaam
21 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumai hamjambo, na mama Hadija na kifua chake. Mimi sijambo, nina kazi nyingi tu.

Bahasha zimefunguliwa juzi. Walitaka kukuandikia wenyewe, nikaomba jibu lako nilibebe mimi. Ulipata umeme. Ulikuwa kwenye kundi la umeme.

Karata usiache, tafadhali. Nitaandika kwa urefu nikipata nafasi.

Mpwa wako,
Samia


Likunja, Ruangwa
15 Septemba 2024

Mpwa wangu Samia,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, korosho zinaanza kudondoka, na barua yako nimewasomea watu mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo limenikaa rohoni. Unamkumbuka jirani yetu Minza, yule mama wa Kisukuma aliyekuja na ng'ombe? Ana sola, ndiko kijiji kizima tunakochajia simu. Sasa betri yake imekufa. Ilianza kwa taa kufifia, ikafuata redio, mwisho ikawa haishiki chaji kabisa. Nikamwuliza imekuwaje, akaniandikia mchangani kwa kijiti, kwa kuwa sisikii: KILA BETRI INA SIKU ZAKE.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Maana na mimi naona dalili, Samia. Wiki mbili zilizopita nilikuwa napita karibu na mtu anavuta nasikia kinyaa. Sasa nasimama upande unaokuja moshi. Karata nimeziacha, nilianza kukosea, nikaona ni kupoteza wakati. Kama umeme unakwisha, picha za maembe zitafanya nini?

Naomba umwulize daktari mkuu: umeme huo unakaa mwilini muda gani? Na mtu anaweza kuongezewa? Nipo tayari kupanda basi hata kesho. Naogopa. Sijawahi kukuambia neno hilo tangu uzaliwe. Leo ni siku ya mia moja tisini na tano, na naziona kama maji ya mwisho mtungini.

Nijibu upesi.

Mjomba wako,
Yasini


Dar es Salaam
27 Oktoba 2024

Mpendwa mjomba,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Niliumwa kidogo, halafu tukawa na wageni kazini, halafu sijui nini. Nawaombea afya na mavuno mema.

Usiwe na wasiwasi. Huo umeme hauishi. Si kama betri ya Minza. Ukishaingia umeingia, ni wa kudumu. Rudi kwenye karata, mjomba, nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba nikiwa mdogo, na nimekufungia nyingine mpya humu ndani.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mpwa wako,
Samia


Hospitali, Nachingwea
19 Januari 2025

Kwa mpwa wangu Samia,

Salamu zangu zikufikie. Usinihesabie kosa la kukaa kimya. Nilikuwa sina uso wa kukuandikia.

Mguu wamekata. Wa kushoto, chini ya goti, Jumanne ya wiki iliyopita. Mama Hadija yuko hapa, analala kwenye mkeka chini ya kitanda changu na kifua chake kile. Nimemkataza, hasikii, sasa viziwi tumekuwa wawili.

Nikueleze ilivyokuwa, uwaambie wakubwa wako, labda itawafaa kwenye utafiti. Nilingoja jibu lako siku kumi na saba. Tarehe mbili Oktoba alifiwa jirani, tukakaa msibani. Saturnini akawa anafanya utani wake wa msibani kama desturi. Akaja nyuma yangu, akanichomeka sigara juu ya sikio, akasema kwa ishara, "Transfoma, tuone kama bado unapiga shoti." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Siku nyingine ningeitoa nikamrudishia. Siku hiyo niliiacha pale, nikawa naisikiliza. Sisikii mtu, lakini ile niliisikia. Nikajiambia, Yasini, chaji imekwisha, unajitesa bure. Nikaomba kiberiti.

Barua yako ya kwamba umeme hauishi ilifika Novemba. Nilikuwa nimeshafika sigara kumi kwa siku. Nikasema mtoto ananifariji tu, maana mwili wangu ndio shahidi. Desemba kidole cha pili kikawa cheusi.

Sikulaumu wewe, wala mashine. Ilifanya kazi yake mpaka nguvu yake ikaisha. Lakini daktari hapa ameniandikia jambo: ugonjwa huu haukai mguu mmoja. Nisipoacha, wa kulia utafuata. Kwa hiyo nakuomba, Samia, nitafutie nafasi niongezewe umeme. Nitakuja na magongo. Bado navuta, hata hapa hospitali, natoka kwa magongo mpaka nyuma ya tangi la maji.

Mjomba wako,
Yasini


Dar es Salaam
30 Januari 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sina haki ya kuuliza hali yako, lakini nauliza. Na ya mama Hadija.

Nimeanza barua hii mara nne. Nitasema moja kwa moja, kama ulivyonifundisha.

Hukupata umeme. Bahasha yako ilifunguliwa mbele yangu Julai, ilikuwa ya wale waliozimiwa. Wale siafu walikuwa wa dakika moja, baada ya hapo kichwani kwako kulikuwa na mikanda na maji ya chumvi tu. Hakukuwa na chaji, mjomba, kwa hiyo hakuna kilichokwisha. Uliacha sigara kwa karata zile na kwa muhogo mbichi na kwa moyo wako.

Nilikudanganya kwa sababu niliona kwenye barua zako ulivyolishika hilo neno umeme. Niliogopa nikikuondolea, utaanguka. Nikasema acha aegemee, hata kama ni ukuta wa kufikirika, mradi mguu upone. Ulipoandika Septemba ukitaka kujua unakaa muda gani, niliiweka barua yako chini ya mto wiki tano. Kila siku niliona ukweli umeshachelewa, na kila siku ulikuwa bado haujachelewa. Mwisho nikaongeza uongo juu ya uongo.

Nilipokuwa mdogo nilikuwashia sigara jikoni kwa sababu ulinituma. Hii ya Oktoba nimekuwashia bila kutumwa.

Walioikosa mashine wanaitwa tena wapewe. Jina lako lipo. Nitakuja kukuchukua mwenyewe, ukiniruhusu. Naomba unisamehe, na kama huwezi, nitukane, ila uniandikie.

Mpwa wako,
Samia


Likunja
2 Machi 2025

Samia,

Barua yako ilifika Februari kumi na tatu. Nimeisoma mara mbili, na mama Hadija nikamsomea mara moja. Alikwenda jikoni akakaa huko mpaka jioni.

Nimepiga hesabu. Tangu Machi nne ya mwaka jana mpaka ule msiba ni siku mia mbili na kumi na mbili. Nimejaribu kuzikumbuka. Nakumbuka asubuhi ya kwanza ya kufunga, mikono inatetemeka mpaka uji wa daku ukamwagika. Nakumbuka siku niliyokwenda dukani kwa Sofia kununua chumvi, nikarudi bila chumvi, maana nilijua nikifungua mdomo mbele ya kaunta nitaagiza sigara. Nakumbuka nililia shambani, peke yangu, nimekumbatia pampu ya salfa. Mtu akinisifu nilisema si mimi, ni umeme. Zote nilizigawa kwa mashine iliyozimwa. Zilikuwa zangu, na aliyelijua hilo ni wewe, na ulinyamaza.

Unasema uliogopa nitaanguka. Ungeniambia nilipokuuliza, ningekutukana, ningevunja kigoda, halafu ningemwambia mama Hadija alete karata. Mimi ndivyo nilivyo na wewe unajua. Nililia mguu hospitali nikamaliza. Hili la siku zangu bado sijalimaliza.

Mashine yenu wapeni wengine. Usije kunichukua. Tangu ilipofika barua yako sijavuta, leo ni siku ya kumi na saba, na leo tumeanza kufunga. Mama Hadija amechora karata mpya, maembe yake yanafanana na viazi, lakini mkono unayajua.

Usiniandikie kuuliza siku zimefika ngapi.

Yasini Shehe Mnali