Visanduku Vitupu vya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Na wifi je, ule mgongo umempa nafuu? Waambie watoto shangazi yao bado ana ulimi mrefu vilevile. Sisi tunapumua. Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Nikikupigia, Mama hunikalia ubavuni, na haya siwezi kuyasema akiwa ananitazama usoni.

Kuchapa kitabu cha hesabu alichoandika Baba kumenitoa jasho. Maneno yake sikupata shida nayo, maana kutwa nachapa barua za ofisi. Hesabu ndizo zilizoniumbua. Kibodi ina alama ya kujumlisha, ya kutoa na nyingine chache, basi; vipeuo na madude mengine yote ya Baba hayana kitufe. Ikabidi niyatafute moja moja ndani ya kompyuta, macho yakiniwasha, na yeye amesimama nyuma yangu akinisuta kwamba kipeuo changu kimevaa kofia fupi, hakijafunika namba zote. Mzee yule! Nilitamani nimfukuze chumbani. Kisha akaacha kuja. Nilidhani amenichoka, nikashukuru Mungu.

Nilipomaliza nilipeleka kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, wakatoa kurasa za majaribio. Nilikuwa na haraka, nikampa Baba bahasha bila kuifungua. Akakaa nazo mezani siku nzima, kalamu nyekundu mkononi, Mama akimsogezea chai mpaka inapoa. Jioni akanirudishia. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: safi kabisa, chapeni. Nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele, mjinga mimi.

Kesho yake nikazifungua kiwandani. Lo! Kila palipotakiwa kipeuo palikuwa na kisanduku kitupu. Kurasa nzima nzima, visanduku vitupu. Nilimwakia fundi wa kurasa, yule tunayemwita Msumari kwa wembamba wake, nikamuuliza kama amezila alama za baba yangu. Akaniacha nimalize, ndipo akanieleza kwamba ndani ya kompyuta kila alama ina namba yake, na namba ndiyo inayosafiri. Sura ya alama hutoka kwenye fonti ya mashine inayopokea. Mashine ikikosa fonti yenye alama hiyo, huchora kisanduku tu. Akaiweka fonti niliyotumia mimi, alama zikarudi zote. Kisha akacheka, akauliza mzee amezipitishaje kurasa zile. Nikasema miwani yake imechakaa. Halafu nikaenda chooni nikalia.

Macho ya Baba hayana neno, kaka. Anasoma hata maandishi ya kwenye chupa za dawa. Na je, yeye ni mtu wa kupitwa na kosa? Ni yeye aliyekurushia daftari kwa alama moja ya kutoa uliyoisahau, ukalala na njaa kwa hasira.

Mama alijua zamani kwamba tatizo si macho. Aliniapisha nisikwambie, usije ukaacha kazi yako. Ndiyo maana kwenye simu nakwambia mzee ni mzima, anakungoja siku ya kuzindua kitabu. Nimechoka kukudanganya. Jana nilimwekea kurasa mbili, ya visanduku na iliyo sahihi, nikamwomba achague. Alizitazama kwa makini kama alivyokuwa akisahihisha mitihani, akipitisha kidole mstari kwa mstari. Akasema ya visanduku ndiyo iliyopangwa vizuri. Hiyo nyingine, akasema, aliyeiandika ameichafua.

Kitabu kitatoka mwisho wa mwaka, kila alama mahali pake. Hilo niachie mimi. Wewe usikingoje. Jina lako bado analo kichwani, asubuhi ya leo alilitaja mara mbili. Njoo sasa, kaka, nakuomba.

Wifi na watoto wape salamu zangu nyingi. Mama naye angewasalimu, ila hajui kama nimekuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Kimbelembele, kama Baba alivyokuwa akiniita.