Vitabu Tulivyowasomea Ndege

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkubwa huamkiwa kwanza na mengine yote baadaye, na sitaki unigombeze kabla sijafika mstari wa pili.

Leo darasani, hapa Manyoni, binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, ulipokuwa mdogo ulipenda vitabu gani?" Nikafungua mdomo nimjibu, badala yake nikacheka. Nilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia mlangoni. Ningeanzia wapi kumweleza mtoto wa watu kwamba vitabu nilivyovipenda kuliko vyote nilivisoma kwa kupayuka, nikiwa juu ya dungu, lile jukwaa la kufukuzia ndege shambani, tena mwaka wa njaa? Jioni hii nimewasha taa nikuandikie wewe, kwa sababu wewe huhitaji kuelezwa, na mimi nina hamu ya kuyasema yote tangu mwanzo.

Unaukumbuka ule mwaka. Mvua ya msimu uliotangulia ilikatika mapema, mtama ukakauka ukiwa haujafika magotini, ng'ombe wetu wakafa mmoja mmoja mpaka akabaki yule mweusi mwenye pembe moja. Halafu homa ikamchukua baba. Siku ya kumaliza matanga, Baba Mdogo Ntandu, mdogo wake baba, alisimama mbele ya watu pale uani kwetu Mungaa akasema, "Shemeji, msimu huu lima shamba lako la uwele. Ukivuna, utakaa kwenye nyumba yako na hakuna atakayekugusa. Usipovuna, nitakuja niwachukue mwende kwangu Mtinko, uwe mke wangu kama mila inavyotaka." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu mwema na alikuwa na wake wawili tayari, na wazee waliokuwepo waliona amesema vizuri. Ni wewe tu hukuona hivyo. Watu walipoondoka ulipapasa ukuta kwa kiganja ukaniambia, "Nyumba hii niliikandika mwenyewe nikiwa na mimba yako. Sihami."

Basi maisha yetu yote yakawa shamba lile moja. Ulilima, ukapanda, na mvua ikatuonea huruma. Uwele ukachanua, masuke yakaanza kujaa maziwa, na hapo ndipo ndege wa kwelea walipofika. Walikuja kana kwamba mtu amemwaga pumba angani. Wakishuka shambani wengi namna ile, hawakuachii hata mbegu.

Anayejua kuamia ndege anajua taabu yake. Unapanda dungu jua halijatoka, unazungusha kombeo, unapiga debe, unapayuka kutwa nzima mpaka giza. Wenzetu walikuwa na wanaume na watoto wengi wa kupokezana. Sisi tulikuwa wewe na mimi. Siku chache tu sauti yangu ikawa ya chura, na nilichoka zaidi kwa upuuzi wa kazi yenyewe. Nikakulalamikia, "Mama, nitasema hee na hoo mpaka lini? Hata maana hazina." Ulirusha jiwe kwanza, ukalitazama lilipoangukia, ndipo ukanijibu.

"Ndege hajali maana, anachoogopa ni sauti. Kalete vitabu vya baba yako."

Vilikuwa vitatu, kwenye sanduku la mbao alilorudi nalo baba alipoacha kazi ya kupakua mizigo hapa stesheni. Wewe hukujua kusoma. Mimi nilikuwa nimejifunza kwenye shule ya misheni, ambayo ule mwaka ilifungwa kwa sababu watoto walikuwa wanaanguka kwa njaa wakiwa wamesimama mstarini. Kwa hiyo nikapanda dungu na vitabu kwapani, nikaanza na kilichokuwa juu, nacho kilikuwa cha hesabu.

Nilipayuka kwamba Rajabu ana mayai kumi na mawili na amempa dada yake matano. Kwelea wakaruka. Wewe ukaniuliza, "Kwa nini amempa matano?"

"Mama, hii ni hesabu."

"Nimesikia kwamba ni hesabu. Nauliza kwa nini."

Ukurasa uliofuata Rajabu akapata kikapu cha machungwa, naye akayagawa kwa marafiki. Ukashusha kombeo. "Huyu mtoto kila anachopata anagawa. Mama yake yuko wapi?" Na kutoka dungu la shamba la pili, Mama Hadija, jirani yetu mwenye sauti ya kufika hadi Singida mjini, akajibu kwamba labda kwao hakuna njaa. Kumbe alikuwa anasikiliza. Kuanzia siku ile mlimfuata Rajabu kama mtoto wa nyumba ya jirani. Aliponunua mbuzi mlipiga makofi. Kitabu kilipofika mbele na Rajabu akatoweka, akaja msichana mmoja anayepima vitambaa, ulinishutumu kwamba nimeruka kurasa. Nikakuonyesha kurasa zote zipo. Ukanuna mpaka saa ya chakula, na chakula chenyewe kilikuwa mlenda na uji mwepesi, kwa hiyo ulinuna muda mrefu.

Cha pili kilikuwa cha ufugaji, kile kilichotolewa na serikali, chenye picha ya ng'ombe aliyenona mpaka ulisema amechorwa na mtu mwenye njaa. Huyo mwandishi ulibishana naye kana kwamba amekaa nasi pale juu. Niliposoma kwamba kabla ya kukamua ni vizuri kuosha chuchu kwa maji ya vuguvugu, ulicheka ukamwita Mama Hadija asikie. "Tumuogeshe ng'ombe, jamani, halafu tumpake na mafuta." Jioni yake nilizunguka nyuma ya zizi nikakukuta umechuchumaa na kibuyu cha maji yanayotoa mvuke, unamwosha yule mweusi taratibu. Uliponiona ukasema, "Alikuwa na tope tu." Mama, mvua ilikuwa imekata tangu wiki iliyopita. Tope alilitoa wapi?

Lakini kitabu chetu hasa, kile ambacho nikikifikiria hata sasa moyo unacheza, kilikuwa cha tatu, cha ndugu wawili. Mdogo amepotea sokoni angali mtoto, na kaka yake anazunguka mji hadi mji akimuulizia kwenye kila kisima. Hapo Mama Hadija alishindwa kuvumilia kukaa mbali. Aliwapa watoto wake upande wa chini wa shamba, akang'oa nguzo za dungu lake, akalijenga upya pale mpakani, mkono wetu wa kushoto. Nikisoma haraka anasema, "Rudia, mwanangu, hapo upepo umenidhulumu." Mkawa mnashauriana aende mji gani kwanza. Wewe ulitaka aende kwenye mji wa wafinyanzi, kwa sababu ulisema wafinyanzi wanaona watu wengi.

Ndipo tukafika ule ukurasa ambao kaka mtu anapelekwa nje ya mji, anaonyeshwa kaburi, anaambiwa ndugu yako amelala hapa. Sauti yangu ilishuka yenyewe. Nilisoma polepole, kama watu wanavyoongea penye mgonjwa, na nilipoinua macho nikakuona machozi yanakutiririka, kombeo limelala mapajani. Baba alipozikwa hukulia namna ile. Siku ile ulikuwa na wageni wa kulisha na shemeji wa kusikiliza. Mama Hadija naye alikuwa amejifunika kanga usoni. Shamba zima likawa kimya, na kimya hicho ndicho kwelea walichokuwa wanakingoja.

Ni yule ng'ombe mweusi aliyetushtua kwa kulia. Kona ya chini yote ilikuwa nyeusi kwa ndege. Uliruka kutoka juu ya dungu bila kugusa ngazi, ukakimbia katikati ya mabua ukipiga debe kwa ngumi, nasi nyuma yako. Tulipowaondoa, masuke ya kona ile yalikuwa matupu. Ukaketi chini ukawa unayavuta moja moja na kuyatazama. Nilijua unafikiria Mtinko, na nilijua nyumba yetu iko karibu kutuponyoka. Nilikuambia sitasoma tena.

"Utasoma," ukasema. "Kesho tunaendelea palepale. Ila hata kama kuna mtu amekufa, msome kwa kupayuka."

"Mama, msiba nao wa kupayuka?"

"Wewe umewahi kuona wapi msiba wa kwetu ulio kimya?"

Asubuhi yake nikalisoma lile kaburi upya kama wanawake wa Mungaa wanavyopokea maiti. Nilinyoosha maneno, nikayavuta, na kila nilipotua wewe ulidakia kwa kilio, na Mama Hadija akakidaka kwako akakipeleka mbele. Kwelea walihama wote wakavuka korongo. Sijawahi kuona kijana wa kitabuni aliyeliliwa vizuri kiasi kile. Wapita njia wawili, mzee na mkewe waliokuwa wanakwenda mnadani, wakaacha njia, wakaja hadi chini ya dungu, mzee amevua kofia. "Poleni sana, jamani. Amefariki nani?"

Wewe ulikuwa umeshikwa na kwikwi ya kicheko, huwezi kusema. Mama Hadija ndiye aliyewajibu, kwa heshima zote, kwamba ni kijana mmoja wa mbali, lakini hatuna hakika, wasubiri ukurasa wa mbele. Wakasubiri. Wakakaa chini ya dungu na kuku wao wa kuuza mpaka nikafika pale kaka mtu anapogundua kwamba kaburi lile ni la mtu mwingine kabisa. Yule mama akamshukuru Mungu kwa sauti. Mnadani sidhani kama walifika.

Hivyo ndivyo tulivyouvusha uwele wetu, mama, kwa Rajabu, kwa ng'ombe wa serikali na kwa kumlilia mtu mzima mwenye afya. Njaa ilikuwepo kila siku. Kuna asubuhi nilishika ngazi ya dungu kwanza nitulie kichwa kiache kuzunguka. Lakini nikiulizwa ni mwaka gani nilicheka zaidi maishani, ni huohuo. Sasa nina rafu nzima ya vitabu, vingine vizuri mno, navisoma nimeketi kwenye kiti, kimyakimya kama mtu mstaarabu. Kuna mahali nafika pazuri, nageuza uso kando nisikie utauliza nini. Nakukosa hapo kuliko mahali pengine popote.

Baba Mdogo Ntandu alikuja tulipomaliza kupura, na punda watatu wasio na kitu mgongoni. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia niende nikafunge vitu vyangu. Alikuwa amekonda. Alisema kwake Mtinko kwelea wamemaliza shamba lote, na kama wanaume na watoto wake wote wameshindwa, hakuwa na haja ya kuuliza sisi tumeambulia nini. Ulimnawisha mikono ukamwekea ugali wa uwele mpya na maziwa ya mgando. Akala wote. Ukamwongeza, akala tena bila kuinua kichwa.

Alipomaliza ukamwita ndani kwenye kihenge cha uwele. Alitumbukiza mkono ukazama hadi kwenye kiwiko, akautoa, akautazama.

"Umeamia na nani?"

"Na huyu mtoto wako."

Akanigeukia. Wewe ulikuwa umeshaanza kujaza gunia la kwanza. Ulijaza la pili ukalishindilia kwa goti, ukaniambia nishike mdomo wa la tatu. Alisimama anatuangalia, hajui aweke wapi mikono.

"Shemeji," akasema, "mimi nilikuja kukuchukua wewe."

"Najua. Chukua uwele. Wake zako na watoto wanasubiri kula."

Alitufungia magunia yale juu ya punda yeye mwenyewe, kwa kamba alizoleta za kufungia vyombo vyetu. Kisha akakuaga kwa kuinamisha kichwa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mwanamke, na hakulitaja tena lile la Mtinko mpaka anakufa.

Wewe ulisimama mlangoni mwako mpaka punda wa mwisho akapotea, ukaniambia niingie ndani, upepo unaleta vumbi.

Lala salama, mama, huko nyuma ya nyumba yako.

Mwanao,
Eliza